Kiti Kimeshushwa Pete Tatu

Mjukuu wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mteja wako amepiga simu, anakuja saa tisa kukiona kiti cha kuning'inia. Ufute vumbi.

Asubuhi nilikuambia kiko juu mno, ukanijibu, "Bibi, hiki si kiti cha wazee." Kiliniuma. Ulipotoka nikakikalia. Miguu ikaning'inia nayo, kushuka nikashindwa, nikaita mpaka seremala wa jirani akaja kunishusha. Wala hakucheka, Mungu ambariki. Akarefusha mnyororo wa kiti, akakishusha pete tatu.

~~Ukitaka, kirudishe juu.~~ Hapana, kiache. Mteja anakuja na mama yake, na kiti ni cha huyo mama.

Nimechoka. Naenda kujilaza kwa shangazi yako.

Bibi yako, mzee wa kwanza kukikalia