Treni Yangu ya Angani

Jumatatu, 4 Juni 1973
Mwalimu Yuliana wa kisomo kasema kila mwanafunzi aandike kitu kila siku. Wenzangu wameandika kuku, jembe, mahindi. Mimi Benedikto naandika treni! Wachina huko Mlimba wanatoboa milima wapitishe reli. Hongera zao. Mimi milima yetu ya Uluguru nitaipita kwa juu. Kamba kutoka hapa kilimani kwetu, inavuka bonde, mpaka barabarani. Tenga linaning'inia, kabichi ndani. Treni na ndege, vyote kwa pamoja. Hata Mzungu hajawaza hilo.

Jumanne, 5 Juni
Nimechora. Wanaume wanane wavute kamba. Mke wangu Modesta anachambua maharage, hata kichwa hajainua. Kasema wanane wa nini — kabichi ni nzito, zikishuka si zitavuta tenga tupu lipande? Matenga mawili, kamba moja, kapi moja juu la kuizungusha. Nimemwambia anyamaze, huu ni ufundi. Maneno, mtani wangu Mzigua, alikuwepo anakunywa togwa yangu. Kacheka mpaka kapaliwa.

Jumatano, 6 Juni
Leo asubuhi wazo limenijia. Matenga mawili! Moja linashuka, jingine linapanda. Limekuja lenyewe, nikiwa nanawa uso.

Alhamisi, 14 Juni
Kamba ya katani imepatikana. Kapi tumechonga kwa mti wa mninga. Mwenyekiti kasema hii ni kazi ya kijiji kizima cha ujamaa. Nimemsahihisha: kazi ya wote, akili yangu. Breki kashika Modesta — gogo la kubana kamba. Walianza wanaume wawili, tenga likaenda kugonga mti. Sijui mkono wake una nini. Uzito anaupima kwa kabichi: tenga hili arobaini, lile la kupanda mzigo wa kumi, haya, achia. Hakosei! Nimemwambia ni bahati.

Jumamosi, 16 Juni
Kabichi mia tatu barabarani kabla ya chai! Maneno ndiye mpakuaji wetu kule chini. Kasema mbili tu zimepasuka, na hizo kazila yeye kwa haki ya utani.

Jumatano, 20 Juni
Mambo makubwa! Kaja Bwana Leonard, kaka yake Mwalimu Yuliana. Anachora mabehewa kwenye karakana ya reli. Kanipa shikamoo, kaitazama treni yangu juu mpaka chini. Halafu kasema karakana wanatafuta mtu wa kujifunza uchoraji, mwenye akili ya mikono. Jumapili atarudi na fomu, ajaze jina la aliyepiga hesabu ya uzito. Kauliza umri. Nimesema hamsini. Ni sitini na sita, lakini miguu ni ya hamsini.
Nikasema Jumapili nitaipanda mwenyewe.
Alipoondoka Modesta kaniuliza: Baba Anastasia, hesabu hiyo ya nani? Nilibanwa na kikohozi.

Jumapili, 24 Juni
Naandika nikiwa hewani!
Baada ya misa watu wote wamekuja, padri pia. Nimevaa koti la harusi, daftari mfukoni. Nimeketi tengani na kabichi ishirini. Modesta kalegeza breki, wanaume wakanisukuma. Nimeruka! Migomba chini yangu kama mchicha. Halafu treni imepunguza mwendo. Imesimama. Katikati kabisa ya bonde.
Maneno huyu! Tenga la chini leo lilipaswa kupanda tupu. Yeye kalijaza mawe. Sasa liko hapa ubavuni kwangu, mkono haulifikii, tumelingana mimi na mawe kama mapacha. Kumbe kamuuliza Modesta jana uzito wangu pamoja na mzigo, na Modesta kamtajia kwa kabichi.
Maneno anapiga kelele toka barabarani: Mtani! Hapo ni kituo gani?
Nimemwambia avute kamba. Kasema havuti, na asivute mtu, mpaka nimwambie mgeni hesabu ni ya nani. Na hakuna wa kumgusa. Mtani akilala kaburini siku ya msiba, nani anamtoa kabla hajalipwa? Padri mwenyewe anacheka.
Bwana Leonard amesimama pale na fomu. Kalamu iko wazi.
Modesta kule juu kashika gogo lake la breki, ananitazama tu. Bora angesema.
Niseme kwa mdomo? Mbele ya mwenyekiti na wenzangu wote wa kisomo? Hapana! Lakini kuandika naweza. Nitachana karatasi ya nyuma, niandike jina, niichomeke kwenye kabichi, nimrushie Bwana Leonard. Asome peke yake.
Ila — ngoja. Kabichi moja ikitoka, mimi nakuwa mwepesi. Mawe yatashuka, mimi nitarudi juu. Sifiki barabarani kwenye fomu. Nafika kwa Modesta, na gogo la breki liko mkononi mwake.
Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe! Ya kwanza.
Karatasi nimechana. Nimefika M-o-d-e. Mwanamke huyu ana jina refu. Maneno anauliza kama nimelala. Kabichi nimeshachagua — ile ndogo kuliko zote.