Dume Letu Ndilo

Shoga, uko wapi? Nimekaa juu ya ndoo hapa zizini.

Daktari wa mifugo ameleta majibu ya dume letu, Bwana Harusi. Lina kimelea. Linakibeba kwenye ngozi ya uume, na kila ng'ombe linayempanda linamwambukiza. Anashika mimba, halafu inaharibika ingali changa, hata huoni kitu. Unaona tu amerudi kwenye joto, anataka dume tena.

Nikamuuliza, mbona dume lenyewe linang'aa? Akasema, "Mama, lenyewe haliumwi. Linagawa tu."

Linagawa tu, shoga.

Na unajua ni nani aliyekuwa akimpelekea dada yangu dume hilo bure, huku akijisifu. Ng'ombe wake wameharibu mimba mara tatu. Kila mara nilimwambia anawanyima chumvi ya madini, kisha nikampelekea dume tena. Mimi mwenyewe, kwa kamba yangu.

Daktari anasema lichinjwe.

Dada amenipigia sasa hivi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Wamerudi kwenye joto tena. Niletee Bwana Harusi kesho, mdogo wangu, sina tegemeo jingine."

Nikasema sawa. Shoga, nimesema sawa.