Kamera ya Padri Inakwama Asubuhi

Jumatatu, 4 Juni 1956

Kengele, sala, hesabu ya darasa la tatu. Baada ya hapo mazoezi ya kamera nyuma ya sakristia, kama kila asubuhi tangu Padri aniachie. Leo imekwama.

Haina filimu. Nilifungua mgongo wake, nikaweka sekunde moja, nikabonyeza. Vibati vya ndani vikafunguka, vikabaki wazi. Nilihesabu mpaka kumi na mbili ndipo vikajifunga, polepole, kama mtu anayesinzia. Nikarudia. Kumi na nne. Filimu ikikaa kwenye mwanga muda huo inaungua yote. Hakuna uso utakaoonekana.

Kamera ni ya zamani, ya mvukuto, Padri alikuja nayo kabla ya vita. Jumapili Monsenyeri, askofu wetu, anatoa kipaimara, na Padri atakuwa altareni, kwa hiyo foto ni kazi yangu. Kabla ya kwenda Bukavu kumchukua Monsenyeri alisema mambo mawili: nisiipeleke karibu na maji, nisifungue mitambo yake ya ndani.

Sijaiangusha. Sijailowesha. Jumamosi niliitia tone la mafuta kwenye kitufe maana kilikuwa kinalia, basi. Ninaogopa.

Jumanne, 5 Juni

Imekwama tena. Sekunde kumi. Sikula.

Mwalimu Donati aliharibu kinanda cha kanisa mwaka jana. Si kwa ubaya, alikaza parafujo iliyolegea. Jioni ile ile vyombo vyake vilikuwa nje ya nyumba ya misioni, watoto wamekalia masufuria. Sasa analima pamba Luvungi. Nyumba yake ndiyo ninayokaa mimi na mke wangu na watoto wanne. Kazi ikienda, nyumba inaenda siku hiyo hiyo.

Saa tisa mchana nikapanda baiskeli mpaka Kasenga kwa Saidi, fundi wa saa. Akabonyeza mara ishirini. Inafunguka, inajifunga. Safi kabisa. Akaniuliza kama nina homa. Wateja wawili wakacheka, nami nikacheka nao kipumbavu. Kurudi nimeimba njia nzima mpaka hapa Songo, misioni kwetu.

Jumatano, 6 Juni

Kumi na tatu.

Mchana kamera ni nzima, asubuhi ni mgonjwa. Jumapili misa ni saa moja. Foto ni saa mbili na nusu, mlangoni pa kanisa. Saa nne gari la Monsenyeri linaondoka. Nani atamwambia Monsenyeri asubiri jua lipande?

Nimeanza kuwaza mambo ambayo mwalimu wa dini hapaswi kuwaza. Nani alipita karibu na kabati langu? Nani anaitamani nyumba hii? Nimewashuku watu watatu, na mmoja ni msimamizi wangu wa ubatizo. Aibu.

Mama Agata, mke wangu, ameuliza nina nini. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 7 Juni

Nimemwambia ukweli. Hakukuwa na njia: alinikuta uani alfajiri nikibonyeza na kuhesabu kwa sauti. Hakulia, hakunilaumu. Aliuliza tu niliitia mafuta gani.

Mafuta gani? Mawese. Ndiyo mafuta tuliyo nayo. Baiskeli mawese, bawaba za mlango wa shule mawese, mashine yake ya kushona mawese.

Akaingia jikoni, akatoka na chupa, akaipindua mbele yangu. Halikutoka hata tone. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeshuka kutoka mlimani usiku kucha, na mawese yameganda chupani, mazito, ya manjano.

"Baba Agata, kila asubui unaniona miye naweka hii chupa pembeni ya moto," akasema. "Weye unawaza ni juu ya nini?"

Miaka kumi na moja ya ndoa naiona chupa ile pembeni ya moto. Kumi na moja! Na mimi ndiye ninayefundisha watoto somo la vitu vinavyoganda na kuyeyuka. Jua likipanda mafuta yanalainika, kamera inapona. Baridi ikirudi yanaganda, vibati vinashikana. Hakuna aliyeniroga. Nimejiroga mwenyewe.

Nilifurahi kwa dakika mbili. Kuipasha moto kama chupa haiwezekani, ngozi ya mvukuto itapasuka. Kuificha chini ya shati wakati wa misa, nimejaribu, haisaidii. Mafuta yako ndani. Ni lazima nifungue. Sasa naogopa kuliko jana.

Ijumaa, 8 Juni

Nimepata esansi, petroli ya gari, kikombe kimoja kwa Mateso, shofa wa lori la muhindi. Aliuliza kama divai ya misa imeisha, ndiyo maana walimu wanakunywa esansi.

Mchana. Watoto nje, mlango umefungwa, shuka nyeupe juu ya meza. Nikazungusha pete ya kioo kwa ncha za mkasi wa Mama Agata. Mkasi ukateleza. Mkwaruzo mrefu, unang'aa, mbele kabisa. Hapo nikajua kwamba hata nikiitengeneza, ushahidi umebaki.

Nikaendelea, kwani kuna kurudi? Pete ikatoka, kioo kikatoka. Vibati vitano vyeusi, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vimepakwa rangi ile ile ya mchuzi wetu. Nikachovya unyoya wa kuku katika esansi, nikafuta, nikakausha, nikafuta tena. Mara sita. Mara ya saba unyoya ulinasa kitu, na springi moja ikaruka.

Ilikuwa ndogo kama kope. Tulitambaa chini wote wawili, mashavu kwenye sakafu, muda wa vipindi viwili vya shule. Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Mama Agata ndiye aliyeniamuru nisimame nisisogee, akakunjua pindo la suruali yangu. Springi ilikuwa humo.

Nimeirudisha, sijui vipi. Inafanya kazi. Lakini huu ni mchana, na mchana ilikuwa inafanya kazi tangu mwanzo.

Jumamosi, 9 Juni

Alfajiri nilitazama chupa kwanza. Imeganda. Nikaiacha kamera uani kwenye upepo mpaka chuma chake kikawa baridi mkononi. Nikabonyeza. Moja, ikajifunga.

Nimebonyeza mara thelathini. Halafu nikakaa chini, pale pale uani.

Jioni Padri amefika na Monsenyeri. Aliniuliza kama kamera iko muzima. Nikajibu iko muzima. Si uongo. Lakini nilikuwa nimeufunika mkwaruzo kwa kidole gumba.

Jumapili, 10 Juni

Foto nane. Kila moja nimesikia vibati vikifunguka na kujifunga. Sura ya Monsenyeri siikumbuki, nilikuwa nasikiliza tu. Filimu inakwenda Usumbura kusafishwa. Kamera nimeirudisha katika kabati la Padri, upande wa mbele ukiangalia ukuta. Ningeweza kumwambia leo. Sikuweza.

Jumatatu, 18 Juni

Foto zimefika. Padri aliniita ofisini, akazipanga mezani. Nyuso zote ziko, hata watoto wa mstari wa nyuma, hata pete ya Monsenyeri. Akanisifu. Nilianza kupumua.

Kisha akaiinua kamera na kunionyesha mkwaruzo. Alisema ni Petro, mpishi, ambaye hufuta vumbi kabatini kila Jumamosi. Bila shaka aliiangusha akanyamaza. Kule kunyamaza kulimuudhi Padri kuliko mkwaruzo wenyewe. Petro ataondoka leo hii, alisema.

Petro alikuwa nyuma ya ukuta anaosha sahani. Nilimsikia. Ana umri wa baba yangu.

Ningeweza kunyamaza. Nililifikiria jambo hilo, na si kwa muda mfupi. Niliwaona watoto wangu wamekalia masufuria. Ndipo nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kukoma: mawese, esansi, unyoya, mkasi, suruali.

Padri alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, kwa nini haukuniambia?"

"Niliogopa, Padri."

"Uliogopa kamera?"

"Hapana. Nilikuogopa weye."

Sijawahi kumwambia mzungu neno hilo. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Mwishowe alisema kwamba kuanzia leo kamera itakaa kwake, na mimi nirudi darasani, watoto wananingoja. Petro hakuitwa. Kuhusu nyumba hakusema lolote, wala sikuuliza kilicho wazi: ukiambiwa rudi darasani, kazi bado ni yako.

Nilipofika nyumbani Mama Agata alikuwa amekwisha kufunga mizigo miwili kwa kamba. Alisikia nimeitwa. Tuliifungua pamoja.

Jumanne, 19 Juni

Kengele, sala. Baridi kidogo, ziwa limetulia.

Darasa la tatu, hesabu. Niliwaambia wanyanyue vibao vyao vya kuandikia nione majibu. Feza, binti wa mstari wa mwisho, hakunyanyua. Nikaenda. Alikuwa amekikalia kibao chake, kimevunjika vipande viwili. Jirani yake alinong'ona kwamba kilivunjika tangu Ijumaa.

Feza alisimama. Kabla sijasema neno alifumba macho, akaninyooshea mkono, kiganja juu. Fimbo nilikuwa nayo, huwa natembea nayo bila kufikiri.

Sikumuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimwambia akae, aandikie kibao kimoja na jirani yake. Kisha tukaendelea na kuzidisha kwa saba.