Simu Chini ya Mparachichi

Shikamoo mama, kutoka kwenye matope ya Tukuyu.

Miguu imekwisha. Natembea mvuani na kipimo, mtaa kwa mtaa, nachora ramani ya mahali simu zinaposhika mtandao. Leo, uani kwa bibi mmoja, kipimo hakikushika kitu mpaka nilipofika kwenye mparachichi. Simu yake ilitundikwa hapo ndani ya mfuko wa nailoni.

"Inashika hapo tu," akasema. "Naitundika kila asubuhi, mwanangu wa Dar asije akanikosa."

"Alipiga lini mara ya mwisho?"

"Ah, ana kazi nyingi."

Nikaweka alama kwenye ramani, nikashindwa kumtazama.

Jumapili ukitoka kanisani, usiiache simu juu ya kabati. Nitapiga.

Mwanao mwenye kazi nyingi,
Elia