Kioo cha Nyuma Hakijafa

Jumatano, Kalemie. Mvua tangu asubuhi, ziwa limechafuka, na mimi nimefura kwa hasira hata sijui nianzie wapi.

Asubuhi Papa Remi, anayenunua ndakala, dagaa wa ziwa letu, pale bandarini, aliniletea mizani yake ya umeme. Ina vioo viwili vya namba, ambavyo sisi mafundi tunaviita afisheri. Cha mbele anakitazama yeye, cha nyuma ni cha akina mama wanaomuuzia samaki. Cha mbele kilikuwa kinapoteza vistari, nane inaonekana sita.

"Utengeneze tu hii ya mbele," alisema. "Ile ya nyuma ilikufaka zamani, uiache."

Haya. Nikafungua, nikasafisha kutu kwenye konekta, nikalehemu upya miguu miwili ya kioo iliyoachia, namba zikarudi. Kisha macho yakanipeleka nyuma.

Kioo cha nyuma ni kizima kabisa. Nape yake, ule mkanda mwembamba wa nyaya unaokipelekea namba, imechomolewa, ikakunjwa vizuri, ikafungwa kwa skochi, utepe wa gundi.

Panya hafungi skochi!

Mizani yenyewe inapima sawasawa. Kosa liko kwenye mdomo unaosoma. Mama ameanika ndakala wake mchangani siku mbili, amewageuza kwa mkono, amefukuza kunguru, halafu anasomewa uzito kama mtu asiyejua kusoma anavyosomewa barua. Eti kilo kumi, hata zikiwa kumi na mbili. Atabisha na nini?

Sasa niseme na la kwangu.

Mchana Mama Feza aliingia kibandani kwangu kujikinga na mvua. Ni mmoja wa wauzaji hao, tunasali kanisa moja. Alipoiona mizani mezani, uso ulimchangamka.

"Mutoto wangu, na ile kioo ya kwetu inaweza kupona?"

Skochi nilikuwa nimeshaiona. Nikamjibu, "Ilikufa, mama."

Kwa nini? Kwa sababu Papa Remi huniletea kazi kila mwezi. Sina sababu nyingine, na hii nayo inanitia aibu kuiandika. Hakuuliza mara ya pili. Alinishukuru, akaniachia fungu la ndakala, akatoka.

Papa Remi ni mnunuzi, na kila mtu bandarini anajua kumtilia shaka mnunuzi. Mimi ni fundi. Uongo wake ulikuwa unayumba, mimi nikaupigilia msumari.

Ndakala sijaweza kuwala. Nimefungua mizani tena, nimebandua skochi, nimechomeka nape. Vioo vyote viwili vimewaka, namba ileile mbele na nyuma. Akija kuichukua kesho nitaiwasha machoni pake, na akitaka nichomoe, atafute fundi mwingine. Nimekasirika kiasi cha kuliweza hilo.

Lakini kabla hajafika, itabidi niteremke bandarini, nimkute Mama Feza katikati ya wenzake, nimwambie kioo chao hakikufa, na kwamba nilipomjibu nilikuwa najua.