Vidole vyangu na sashe ya maji baridi

Alhamisi, jioni

Na kumbe kitu kilichonitisha miezi yote hii kinaonekana kwa macho!

Kwanza nilikasirika. Asubuhi sokoni Mangobo, nikipanga samaki wa barafu, vidole viligeuka vyeupe kama vya maiti. Lakini nilipofika kwa daktari, na joto hili la Kisangani, vilikuwa vizima kabisa. Ataniona mwongo, nikawaza.

Hakubisha. Alituma mtu getini akaninunulia sashe ya maji baridi, kile kifuko cha plastiki, akaniambia niishike. Vidole vikawa vyeupe, kisha bluu. Nilipoiachia, vikawa vyekundu, vinawaka.

"Bon, mama, ni mishipa ya damu inajifunga juu ya baridi. Haiko ukoma."

Akadondosha tone la mafuta kwenye shina la ukucha, akaweka lenzi, akaniita nitazame. Mungu wangu! Vijishipa vyembamba kuliko uzi, vimejikunja kama pini za nywele, vimejipanga mstari... Miaka yote nimeviosha kwa sabuni bila kujua kama vipo.

"Ingine imevimba kidogo," akasema. "Tutapima damu."

Hilo linanitia hofu, sifichi.

Nimemweleza mume wangu, ambaye tangu vidole vianze amejitengea sahani yake. Hakuamini. Nikashika samaki wa barafu mbele yake. Vilipokuwa vyeupe, alisema tu, "Leta." Akavifunika kwa mikono yake miwili mpaka damu ikarudi, tukiitazama wote.

Kisha akanawa, akala kwenye sahani yangu.