Tundu Moja Nililolifungua

Papa Ngoie,

Ni mimi, Mado, uliyenifundisha kazi. Wiki mbili baada ya kukuzika, fundi mpya alikaa kwenye kiti chako, akachukua kiwembe, akaanza kukwangua gundi uliyotia kwenye matundu ya kompyuta zetu. Alisema ofisi ya kusaidia wakimbizi si gereza, watu wanataka kuchomeka flashi zao wafanye kazi haraka. Wenzetu walifurahi. Mimi nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Unakumbuka walivyokucheka ulipoyaziba? Hata simu hawakuweza kuchaji tena. Ulinivuta pembeni, ukanionyesha kwenye kompyuta orodha ya wale waliokimbia vita vya Kivu ya Kaskazini: jina, kijiji, nyumba wanamolala hapa Lubumbashi, namba ya simu. Ukasema, "Mado, mu hii masini muko bantu, hamuna makaratasi."

Kwenye kompyuta ile kubwa uliacha tundu moja bila gundi, ukalifunga kwa neno la siri, ili kila Ijumaa tuhifadhi nakala ya orodha kwenye diski ya ofisi. Presha ilipokulaza hospitali, uliniachia neno hilo. Ulisema hata mkurugenzi asijue kwamba ninalo. Nilijisikia mkubwa siku ile, Papa. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu kwa furaha.

Sasa acha niseme nilichoshindwa kusema ukiwa hai.

Jumatano, wewe bado kitandani, alikuja Serge, mtoto wa mama mkubwa, yule anayepakua mizigo kule uwanja wa ndege wa Luano. Alitaka nimchapie programu ya ubatizo wa mtoto wake. Iko kwenye flashi, akasema, kurasa nne tu. Nilisita. Akacheka kwamba siku hizi nimekuwa Mzungu, ndugu yangu simjui tena. Basi nikaandika neno lako la siri, tundu likafunguka. Printa ilikuwa chumba cha pili. Nilienda kuweka karatasi, ikakwama, nikahangaika nayo. Niliporudi, Serge alikuwa amesimama, flashi iko mfukoni. Alinishukuru sana.

Siku nane baadaye wanaume wasio na sare walifika Hewa Bora, mtaa walimolala wengi wa orodha ile, asubuhi, watu wakinywa chai. Hawakuuliza njia. Waliita majina. Walijua nani alitoka kijiji gani na analala kwa nani. Walimchukua mume wa Mama Kavira, yule mwalimu mpole aliyekuwa akiwafundisha watoto kusoma kwenye veranda ya watu. Familia nyingine hazikungoja. Zilibeba masufuria na magodoro, zikaelekea Kipushi ziwe karibu na mpaka wa Zambia. Mpaka leo mwalimu hajarudi, na hakuna ofisi inayokubali kwamba inaye.

Ulirudi kazini bado unayumba. Uliwasha ile kompyuta, ukasoma yaliyoandikwa ndani yake: siku, saa, na flashi isiyo ya ofisi. Nilikuwa nyuma yako. Uliniangalia, Papa. Nikajifanya natafuta kalamu.

Mkurugenzi alipotuita wote, nilijua utanitaja. Ulisema tu, "Ile masini ni miye minaichungaka. Mambo iko juu yangu." Walikuuliza mara tatu nani aliingia. Ukarudia maneno yaleyale. Wakakufukuza mbele yetu, na mimi nikakaa. Nikakaa kwenye kiti changu, Papa, nikakuacha uvae koti lako peke yako.

Hukumaliza mwezi. Matangani nilipika, niliosha vyombo, nikawasikia watu wakinong'ona kwamba uliuza majina ya wakimbizi, Mungu amekulipa. Niliendelea kuosha vyombo.

Kiwembe cha yule fundi ndicho kilichonifungua kinywa. Nilienda moja kwa moja kwa mke wako. Mama Béa alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilipiga magoti nikamwambia yote, hata ile kalamu. Hakuacha kuchambua. Kisha akasema, "Alikuwa anajua. Alisema, mutoto atakuya kusema ye mwenyewe, tumungoje."

Kwa hiyo uliningoja. Kila siku uliyolala ukiangalia mlango, ulikuwa unaningoja mimi.

Sikujua pa kuweka uso. Mama Béa hakuniambia pole, na nilishukuru kwamba hakuniambia. Alinituma kwa mkurugenzi, kisha kwa mke wa yule mwalimu. Mkurugenzi alinifukuza kazi, lakini kwanza aliwaita wafanyakazi wote akawaambia kwamba alikukosea. Orodha ameitoa kwenye zile kompyuta. Najua nakala iliyotoka nje hakuna anayeweza kuifuta.

Mama Kavira nilimkuta Kipushi, anauza unga karibu na njia, mtoto mgongoni. Nilidhani atanipiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huyo mtu ninamjua. Nikasema ni ndugu yangu. Akasema, "Basi sema jina lake."

Nilimpa. Alilirudia polepole, kama mtu anayejifunza kusoma.

Tangu siku hiyo mama hanisemeshi. Mama mkubwa alikuja kulia mbele ya nyumba yetu kwamba nimeua damu yake. Serge ametoroka, wengine wanasema yuko Zambia. Ninauza vocha za simu sokoni Kipushi, na jioni namfundisha mtoto mkubwa wa Mama Kavira kuandika, kwa kuwa baba yake hayupo. Si malipo, Papa. Hakuna malipo ya jambo hili.

Mama Béa anakula vizuri. Watu wameanza tena kumsalimia akitoka misa.

Pumzika, Papa Ngoie. Ulinisitiri kuliko nilivyostahili. Mama Kavira amepata wakili, mama mmoja asiyeogopa, na anataka shahidi. Ninakuahidi: siku watakayotuita mbele ya hakimu nitaenda, hata kama ukoo wote utakaa upande wa pili. Watakaponiuliza majina, nitaanza na langu.

Ni mimi, binti yako wa kazi,
Mado